Chupa imeandikwa FDA, sukari ya mama imepanda: tuiamini lebo kwa kiasi gani?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64, ana kisukari na magoti yanamsumbua. Dada yangu anaishi Marekani, na kila mtu wa kwetu anapokuja likizo humpa chupa za virutubisho amletee mama: ginko ya kumbukumbu, vidonge vya kusaidia sukari, na tangu miezi miwili iliyopita vidonge vya viungo alivyovinunua kwenye duka dogo la vyakula vya Mexico. Hivi vya viungo mama anavisifu kuliko vyote. Ndani ya siku tatu alikuwa anainuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Lakini sukari yake ya asubuhi, iliyokuwa 7 au 8, sasa inafika 14, na uso umemjaa. Lebo inasema ni mimea na glukosamini tu, na imeandikwa FDA. Nimesoma kwamba serikali ya Marekani imewahi kuzibana kampuni kwa lebo za uongo. Kama ni kweli, mbona bado zinauzwa? Niiamini lebo kwa kiasi gani?"

Marahaba mwanangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, na nitaanza na magoti ya mama kabla ya serikali ya Marekani, kwa kuwa kuna jambo katika barua yako ambalo halisubiri.

Glukosamini, kirutubisho cha viungo, hata pale inapomsaidia mtu, haifanyi kazi ndani ya siku tatu. Maumivu yanayoisha haraka hivyo, kisha sukari ikapanda bila mgonjwa kubadili chakula, kisha uso ukajaa: mambo hayo matatu yakija pamoja, mfamasia yeyote hufikiria steroidi. Sijaiona chupa ya mama na siwezi kuapa kilichomo. Lakini mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa maonyo zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vya viungo vinavyouzwa kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King. Lebo zao zilitaja viambato vya asili kama hivyo ulivyosoma wewe. Maabara ilikuta diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili za hospitali ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa. FDA ilipokea taarifa za watu walioumia ini, na za vifo.

Deksamethasoni ni steroidi kali. Hutuliza maumivu kweli, ndiyo maana wagonjwa huzisifu chupa hizo kwa moyo mmoja. Pia hupandisha sukari na presha, hujaza uso, humkosesha mtu usingizi na kudhoofisha kinga. Diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa upande wake hukwaruza tumbo hadi kutoa damu na huumiza figo, na mgonjwa wa kisukari figo zake tayari zinahitaji kutunzwa.

Kwa hiyo mpeleke mama hospitali kesho asubuhi, na chupa yenyewe mkononi. Usimnyang'anye vidonge leo usiku ukavitupa. Najua ndivyo moyo utakavyokutuma, lakini mwili uliopewa steroidi kwa wiki kadhaa huzipumzisha tezi zake zilizo juu ya figo, zile zinazotengeneza homoni ya namna hiyo kwa asili. Ukikata ghafla, tezi hazijaamka bado, na mgonjwa anaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka hadi akazimia. Daktari ndiye atakayeamua namna ya kupunguza, na huenda akarekebisha dozi ya dawa za sukari kwa muda. Mweleze daktari mama anameza vingapi kwa siku na tangu lini. Akitoa choo cheusi kama lami, akitapika, akichanganyikiwa au akilegea kupita kawaida, msisubiri kukuche.

Sasa swali lako.

Kwa sheria ya Marekani kirutubisho kinahesabiwa kuwa aina ya chakula. Mengine yote yanaanzia hapo. Kampuni ikitaka kuuza dawa, hupeleka majaribio na takwimu FDA, ikasubiri kukaguliwa, na bila ruhusa haiuzi hata kidonge kimoja. Kirutubisho hakipiti njia hiyo. Sheria ya mwaka 1994, inayojulikana kwa kifupi kama DSHEA, iliyopiganiwa na maseneta Orrin Hatch wa Utah na Tom Harkin wa Iowa na kutiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi Oktoba mwaka huo, iliacha jukumu la usalama na ukweli wa lebo mikononi mwa mtengenezaji. Kama kiambato ni kipya kabisa sokoni, kampuni huijulisha FDA siku 75 kabla. Vinginevyo bidhaa hutoka kiwandani ikaenda dukani, na serikali huikuta huko huko rafuni. Ikitaka kuiondoa, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba ni hatari au kwamba lebo inadanganya.

Ugumu wa jambo hilo ulionekana kwenye efedra, mmea wa Kichina uliouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito na kuongeza nguvu. FDA ilipendekeza kuubana tangu 1997. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alikufa kwa joto mazoezini, na uchunguzi ukasema efedra ilichangia. Marufuku ilikuja 2004. Kampuni moja ikaenda mahakamani, ikashinda kwanza, na ni mwaka 2006 ndipo mahakama ya rufaa ilipoirudishia serikali ushindi. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, na chupa zilizouzwa humo katikati.

Halafu kuna yale maneno ya FDA kwenye chupa. Mara nyingi yanasema kiwanda kimesajiliwa na FDA, na hilo linaweza kuwa kweli tupu. Sheria ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, inakitaka kila kiwanda kinachotengeneza chakula cha kuliwa Marekani kijiandikishe, kiwe cha biskuti au cha vidonge vya mitishamba. Kujiandikisha ni kutoa jina na anwani. Ni kama leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani kwa mama ntilie: inakuambia halmashauri inamjua, haikuambii wali umeiva. Na ukiona nembo yenyewe ya FDA imechapwa kwenye chupa, ishuku chupa hiyo zaidi, kwa sababu FDA hairuhusu kampuni binafsi kuitumia nembo yake.

Vidonge vya kusaidia sukari navyo vina ujanja wake, na huu unaniuma kwa sababu wagonjwa wangu wengi wamenaswa nao. Kampuni ya virutubisho imekatazwa kuandika kwamba bidhaa yake inatibu au inazuia ugonjwa. Ikiandika hivyo, bidhaa inageuka kuwa dawa isiyo na kibali. Inaruhusiwa kusema inasaidia kazi ya kawaida ya mwili. Basi huandika kwamba kidonge kinasaidia kudumisha sukari iliyo katika kiwango cha kawaida. Isome tena polepole: kudumisha sukari ambayo tayari ni ya kawaida. Kisheria sentensi hiyo inamzungumzia mtu asiye na kisukari. Mama yako anaisoma, au anasomewa, akiamini imeandikwa kwa ajili yake. Geuza chupa utafute maandishi madogo, mara nyingi yamezungushiwa kisanduku. Yanasema kauli hiyo haijapimwa na FDA na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria inalazimisha yawepo. Hailazimishi yawe makubwa kama picha ya moyo mwekundu upande wa mbele.

Anayevuka mstari huo huandikiwa barua ya onyo, na kwa kawaida hupewa siku 15 za kazi kujibu. Julai 2013 FDA ilitangaza barua za namna hiyo kwa kampuni 15 zilizouza bidhaa za kisukari kinyume cha sheria. Baadhi zilijiita za asili lakini zilikuwa na dawa halisi za kisukari ndani, metformini ikiwemo, bila kuzitaja. Hiyo ndiyo sababu nataka chupa ya vidonge vya sukari nayo ifike kwa daktari. Kama mama anameza metformini ya hospitali na nyingine iliyofichwa, daktari hawezi kujua kwa kukisia.

Hatua ya serikali uliyosoma habari zake, nadhani, ni ile ya New York. Mwanzoni mwa Februari 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Eric Schneiderman, aliziandikia kampuni za maduka GNC, Target, Walgreens na Walmart akizitaka ziache kuuza baadhi ya virutubisho vya mitishamba vya chapa zao wenyewe. Ofisi yake ilinunua ginko, jinsengi, ekinasia, vitunguu saumu na mimea mingine kutoka maduka mbalimbali ya jimbo, ikavipeleka kupimwa DNA. Kati ya kila vipimo 100, ni 21 tu vilivyokuta DNA ya mmea ulioandikwa kwenye lebo. Kwa bidhaa za Walmart vilikuwa 4. Jinsengi ya Walgreens ilionyesha vitunguu saumu na mchele. Ginko ya Walmart ilikutwa na figili, mimea ya mapambo ya ndani na ngano, ilhali lebo ilisema haina ngano.

Vyombo vya habari vilishangilia, na mimi niliposoma mara ya kwanza nilishangilia pia. Baadaye wakemia wa mimea walitoa hoja ambayo naiona ya haki. Vidonge vingi vya mitishamba havina unga wa jani, vina dondoo. Jani huchemshwa au kulowekwa kwenye spiriti, kinachotakiwa kikatolewa, na katika kuchemshwa na kuchujwa DNA huharibika. Ni sawa na kutafuta DNA ya mwanakondoo kwenye mchuzi uliochujwa mara tatu: kutoiona hakuthibitishi kwamba nyama haikuwepo. Tena kipimo kile hunasa hata vumbi la ngano lililopeperuka kiwandani, bila kukuambia kama ni chembe au nusu ya kidonge.

Hata hivyo siwezi kuziachia kampuni kwa hoja hiyo. Kama kipimo cha serikali hakikufaa, basi wao walipaswa kuwa na kinachofaa, na kanuni za utengenezaji bora za FDA za mwaka 2007 zinawataka wathibitishe utambulisho wa viambato vyao. Na mgonjwa asiyeweza kula ngano hadhuriwi kwa kipimo cha wastani wa maabara. Hudhuriwa na kile alichomeza. Mwisho wa Machi 2015 GNC iliafikiana na Schneiderman. Haikukiri kosa, na ilirudi kuuza bidhaa zake, lakini ilikubali kupima DNA ya mimea yake kabla haijasindikwa, mahali ambapo kipimo hicho kina maana, na kupima vitu vinavyoleta mzio. Kwa maoni yangu kesi ile iliuliza swali sahihi kwa chombo dhaifu, na sharti lililotoka humo lilikuwa zuri kuliko ushahidi ulioianzisha.

Lakini mchele ndani ya jinsengi haumuui mtu. Ninachokihofia mimi ni kitu kingine, na nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa maonyo ya FDA ya kuanzia 2007 hadi 2016. Walihesabu virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa zilizofichwa. Karibu nusu vilikuwa vya nguvu za kiume, vikifuatiwa kwa karibu na vya kupunguza uzito, halafu vya kutunisha misuli. Katika vya kupunguza uzito, zaidi ya vinane kati ya kila kumi vilikuwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi. Katika vya nguvu za kiume ilitawala sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, ambayo ikikutana na dawa za naitreti za maumivu ya moyo inaweza kuangusha presha hadi mtu akafa. Mzee anayekwepa sildenafili kwa sababu daktari alimkataza hununua "mizizi ya asili" akidhani amepona na hatari, kumbe anameza kilekile. Na kati ya hizo bidhaa 776, ni 360 tu ambazo kampuni zilizirudisha kwa hiari. Tangu 2011 FDA ina mamlaka ya kulazimisha chakula na virutubisho kuondolewa sokoni. Amri ya kwanza ya namna hiyo ilitoka Aprili 2018, kwa bidhaa za kratomu, mmea wa Asia, zilizokuwa na vijidudu vya salmonela.

Mfano mmoja zaidi, kwa kuwa mmea wenyewe unaujua. Mwaka 2023 huko Marekani zilipimwa bidhaa kumi zilizouzwa mtandaoni kama mzizi wa tejokote, tunda la Mexico, kwa ajili ya kupunguza mwili. Tisa kati yake zilikuwa oleanda ya njano. Ni ule mti wa mapambo wenye majani membamba na maua ya njano kama tarumbeta, unaopandwa hata kwetu kwenye nyua na kando ya barabara, na ambao watu wazima huwakataza watoto kuuchezea. Mbegu zake husimamisha moyo. Aliyenunua hakuwa mzembe. Alisoma lebo vizuri sana, ila lebo iliandika mmea mwingine.

Kwa hiyo jibu langu juu ya imani: lebo ya kirutubisho cha Marekani ichukue kama kauli ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu huandika ukweli, nao wapo wengi. Lakini hakuna mtu wa serikali aliyefungua chupa ile kabla haijauzwa, na chupa iliyosafiri ndani ya begi la mgeni hadi Tanga imepita pia pembeni mwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa, na TBS, shirika letu la viwango. Huku nako hakuna aliyeifungua.

Dada yako asijilaumu. Alitumia pesa yake kumpunguzia mama maumivu. Mwambie tu mambo machache. Akitaka kuendelea kutuma, anunue vitu vyenye kiambato kimoja, vitamini D kwa mfano kama daktari wa mama ameipendekeza, na atafute alama ya uhakiki ya USP, taasisi huru inayopima kama kilichoandikwa ndicho kilichomo na kwa kiasi kile. Alama hiyo haisemi kitu kinatibu, inasema kipo. Aachane kabisa na bidhaa za makundi yale matatu niliyotaja (nguvu za kiume, kupunguza uzito na kutunisha misuli), na za maumivu ya viungo zinazoahidi nafuu ya haraka. Aachane pia na chupa inayotaja "mchanganyiko maalumu wa kampuni" ikaandika uzito wa jumla tu. Sheria inawaruhusu kuficha kiasi cha kila kimoja, lakini mimi siwezi kumshauri mgonjwa wa kisukari kwa kiasi nisichokijua. Na kabla ya kununua aandike jina la bidhaa kwenye tovuti ya FDA aone kama limewahi kuonywa. Kutokuwemo si usafi. Kuwemo kunatosha kuiacha.

Kama katika familia kuna anayetumia ARV au vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie asitume mmea uitwao St. John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni. Huharakisha ini kuzisaga dawa nyingine zikapungua nguvu mwilini. FDA ilionya kuhusu mmea huo na dawa ya VVU iitwayo indinaviri tangu Februari 2000. Hapa ubaya ni kwamba lebo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikamdhuru mtu.

Ginko mama anaweza kuiacha leo, hasa kama anameza aspirini, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuchangia damu kuvuja. Vya sukari na vya viungo viende kwa daktari kama nilivyosema. Kabla hujatoka nyumbani piga picha pande zote za chupa ya viungo, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya kuisha, umtumie dada yako. Yeye aripoti FDA, nawe mwombe mfamasia wa hospitali ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa kwa ajili ya TMDA. Taarifa za namna hiyo ndizo zilizochangia maonyo ya 2022. Vidonge vitakavyobaki daktari akishamaliza navyo, viwekeni kwenye chupa yake hiyohiyo, msivihamishie kwenye kopo lingine. Kama vitapimwa, vitahitajika pamoja na lebo yao.

Na mama akikasirika kwamba unamnyima dawa inayomsaidia, mkubalie kwamba inamsaidia. Maumivu yake ni ya kweli na nafuu aliyoipata ni ya kweli. Muombe daktari amtafutie nafuu nyingine ya magoti kabla hamjatoka chumbani kwake, iwe mazoezi ya misuli ya paja, dawa ya kupaka au parasetamoli kwa kipimo, ili asirudi nyumbani mikono mitupu akaitafuta chupa ile kwa jirani. Mfikishie shikamoo yangu kama ananizidi umri, na uniandikie sukari yake imesomaje baada ya wiki mbili.